Kabla hujashika msumeno, tafuta hataza iliyokufa

Vijana wanaoanza karakanani kwetu hapa Chake Chake huja na moja kati ya hofu mbili. Mmoja anauliza, "Fundi, hii si mali ya watu? Hatutashitakiwa?" Mwengine anaogopa kuibiwa wazo lake, hata mchoro anaukunja akiona mtu anapita. Hofu zote mbili zinatokana na kutoijua hataza, ile haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya alichokibuni, na mimi mwenyewe nilichelewa kuijua.

Nilichelewa kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyoshika karafuu. Nyinyi wa Pemba mnajua kuwa makonyo hayatupwi. Pale Wawi kuna kiwanda kinachoyapitisha kwenye mvuke yakatoa mafuta. Mimi nilitaka mtambo mdogo wa kukeneka, yaani kutoa mafuta kwa mvuke na kuupoza, wa kuwekwa shambani. Mafuta yangu yakatoka meusi kama chai iliyolala. Nikapunguza moto, nikabadili maji, nikamnunia bure mzee aliyeniuzia makonyo. Miezi ikapita hivyo. Siku niliyoingia Espacenet, ghala la hataza ambalo kulisoma hakuna malipo, nikaanza kupekua michoro ya zamani ya mitambo ya mafuta, ndipo nilipoona wenzangu walivyohangaika kuepusha mafuta na chuma kitupu. Mafuta ya karafuu yakigusa chuma hicho hubadilika rangi. Nikaweka bomba la chuma kisichoshika kutu. Mambo yakaisha hapo. Jibu lilikuwa limeandikwa, na lina mchoro, kabla mimi sijazaliwa.

Maana hataza ni mapatano. Serikali inakupa haki ya peke yako, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ulipowasilisha maombi, na wewe unaeleza kazi yako wazi kiasi cha fundi mwenzako kuweza kuifanya. Muda ukisha, kila mtu ana ruhusa. Nyingi hazifiki hata hiyo 20, kwa sababu mwenyewe anaacha kulipa ada ya mwaka. Basi msitazame tarehe tu, tazameni kama iko hai. Na iko hai wapi? Hataza haivuki mpaka wenyewe. Zanzibar tuna sheria yetu ya mali za viwanda, Namba 4 ya 2008, na usajili wetu mbali na wa Bara. Kilichosajiliwa Marekani peke yake hakimzuii fundi wa Wete kukitengeneza na kukiuza Wete. Akikipakia kwenda kukiuza Marekani, hiyo ni kesi nyengine.

Sasa mtaniuliza: hataza inaharakisha ugunduzi au inauchelewesha? Mtazameni James Watt, fundi wa mashine za mvuke kule Uingereza. Mwaka 1769 alipata hataza ya kupoza mvuke kwenye chombo cha pembeni, ndugu wa kipozeo chetu cha makonyo. Mwaka 1775 Bunge la Uingereza likamwongezea muda hadi 1800. Alipotaka mashine yake izungushe gurudumu, akakuta krenki, ule mkono unaogeuza mwendo wa kwenda na kurudi ukawa wa kuzunguka, imeshawekewa hataza na James Pickard, mwaka 1780. Krenki! Kitu ambacho kila cherehani ya mguu inacho. Ikabidi kampuni yake izunguke njia ndefu, ikaunda gia ya jua na sayari, gia moja inayoizunguka nyengine. Gia nzuri, mimi naipenda, lakini ilizaliwa kwa kufungiwa mlango. Na Watt naye akawafungia wenzake: Jonathan Hornblower alitengeneza mashine ya silinda mbili, wakafika mahakamani, akashindwa. Mvuke wa shinikizo kubwa Watt hakuutaka kabisa. Hataza ikaisha 1800, na 1801 Richard Trevithick akatembeza gari la mvuke wa shinikizo kubwa barabarani kule Camborne.

Msikimbilie kusema hataza ilikuwa kizuizi tu. Trevithick hakuanza kufikiri siku ile hataza ilipoisha. Alikuwa ameshachafua mikono zamani. Hapo ndipo ninapotaka mtie akili zaidi.

Printa ya 3D iliyoko kwenye kona ile, ile inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, asili yake ni Scott Crump wa kampuni ya Stratasys, aliyeomba hataza 1989. Iliisha 2009, na printa za bei ndogo zikamiminika. Lakini Adrian Bowyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath walishaanzisha RepRap, mradi wa printa za aina hiyo, tangu 2005, michoro yao wazi kwa kila mtu. Mlango ulipofunguliwa wao walikuwa wameshavaa viatu. Jina FDM la njia hiyo ya kuyeyusha uzi likabaki la Stratasys, hao wengine wakaiita njia hiyo hiyo kwa jina lao, FFF. Hata chumba cha joto kinachozuia plastiki isijikunje kilikuwa na hataza yake peke yake hadi 2021. Kwa hiyo mashine moja inaweza kuwa huru kiunoni na bado imefungwa miguuni. Someni sehemu kwa sehemu.

Kwa yule anayekunja mchoro: kama unataka hataza kweli, usikipeleke kitu chako kwenye maonesho kwanza. Nchi nyingi zikiona kimeshaoneshwa hadharani, hukihesabu si kipya tena. Omba, kisha onesha. Kama hutaki gharama hizo, kunjua mchoro wako. Hapa mezani utarekebishwa kosa lako kabla hujaharibu bati.

Kuna daftari limefungwa uzi karibu na mlango wa stoo. Kila anayetaka chuma aandike kwanza namba ya hataza moja iliyokufa aliyoisoma juu ya kazi yake, na mstari mmoja wa alichokikuta humo. Mwenye ufunguo hafungui bila ya hilo, hata ukija na mimi.