"Deliberate" ni sifa au lawama?

Asalam aleikum. Ndugu aliyeuliza kama "deliberate" ya Kiingereza ni neno la kumsifu mtu au kumlaumu: ni yote mawili, na mimi nililijua hilo baada ya kumuudhi mtu mzima.

Nilikuwa natembeza wageni Mji Mkongwe. Tukasimama kwa mzee mmoja fundi wa kuchonga milango, anatia maua kwenye mfaa, ule mti wa katikati. Anagonga patasi mara moja, anapuliza vumbi, anapitisha kidole gumba, ndipo anagonga tena. Mgeni mmoja Mwingereza akasema kwa kupendezwa: "He's so deliberate." Mzee akaniuliza, kasemaje? Nikamjibu, "Anasema, ami, unafanya makusudi."

Patasi ikawekwa chini. "Makusudi nimemfanyia nini?"

Alikuwa na haki. Kwetu ukimwambia mtu "umefanya makusudi" ushamtia hatiani. Jema hatulisemi hivyo. Kiingereza nacho kina maana hiyo: "a deliberate lie" ni uongo wa makusudi, na "deliberate" ya faulo uwanjani ni hiyo hiyo. Lakini neno likisifu mwendo wa mtu, usemaji wake au kazi ya mikono yake, linasema hapapatiki, kila hatua kaipima kwanza. Asili yake ni Kilatini, na huhusishwa na libra, yaani mizani. Mizani hiyo ndiyo iliyonifungulia mambo: anayepima anajua anachokifanya, tena hana haraka. Ningemwambia mzee, "Anasema kazi unaifanya kwa utulivu, huiparamii," isingekuwa taabu. Kesho yake nilirudi nikamtaka radhi, nikamfasiria upya. "Kumbe kanisifu?" Ndiyo, ami.

Na "intentional", neno la karibu yake, haina huo utulivu. Inasema mtu alinuia, basi, kwa hiyo "kwa kukusudia" inaitosha, kama tusemavyo kuua kwa kukusudia na bila kukusudia.

Na sikilizeni mwisho wa neno. Likiwa kivumishi linaishia kama "-rit", fupi. Likiishia "-reit" ni kitenzi: kushauriana na kulipima jambo kabla ya kuamua. Ukisoma kwamba kamati "is deliberating", usifasiri kuwa inafanya makusudi. Wamo ndani wanajadiliana, uamuzi bado.