Wanachama wa kundi wametoweka

Swali: Nilitumia ldapmodify (amri ya kubadilisha data) kumwongeza mtumiaji kwenye kundi katika seva yetu ya OpenLDAP, inayohifadhi orodha ya watumiaji na makundi. Yeye akaingia, wengine wote wakafutika. Kwa nini?

Jibu: Bila shaka uliandika replace: member. Agizo hilo hufuta thamani zote za sifa iliyotajwa (hapa member, yaani orodha ya wanachama), kisha huweka ulizotaja tu. Linafaa kubadilisha baruapepe ya mtu, si orodha ya kundi. Andika hivi kwenye faili badili.ldif (dn ni anwani kamili ya kundi au mtu ndani ya seva):

dn: cn=wahariri,ou=groups,dc=mfano,dc=org
changetype: modify
add: member
member: uid=asha,ou=people,dc=mfano,dc=org

Kisha:

ldapmodify -x -D "cn=admin,dc=mfano,dc=org" -W -f badili.ldif

Ukibadilisha sifa mbili za kundi hilohilo, zitenganishe kwa mstari wenye kistari (-) peke yake. Mstari mtupu humaanisha ingizo limekwisha, na hapo ndipo wengi hukwama.

Amri ikikataa, hutoa namba ya kosa. Kosa 20: tayari yumo. Kosa 32: dn haipo, aghalabu herufi imekosewa. Kosa 65 hutokea ukimwondoa mwanachama wa mwisho wa kundi la aina ya groupOfNames, kwa kuwa kundi hilo haliruhusiwi kubaki tupu. Kama kundi lako linatumia sifa ya memberUid badala ya member, andika asha tu, si dn nzima.

Waliofutika utawarudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Safari ijayo hifadhi kwanza kundi zima kwa ldapsearch -LLL.