Kiyoyozi kwenye chumba cha wanaokohoa

Swali: Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Chumba cha daktari kimefungwa kiyoyozi cha ukutani, tukaambiwa madirisha yasifunguliwe. Wanaokohoa ni wengi, na baadhi hukutwa na kifua kikuu. Je, kiyoyozi kinasafisha hewa? Na hizi barakoa za bluu zinatutosha?

Jibu: Hapana kwa yote mawili, sista. Kiyoyozi cha ukutani hunyonya hewa ya humo humo, huipoza na kuirudisha. Chujio lake ni la vumbi, si la vimelea vya TB, ambavyo huelea kwa saa kadhaa.

Kinachotakiwa ni hewa ya nje iingie, ya ndani itoke. WHO inapendekeza chumba cha hatari kibadilishe hewa angalau mara 12 kwa saa. Kwa kasi hiyo, mgonjwa akishatoka, asilimia 99 ya vimelea vilivyo hewani huondoka kwa dakika 23 hivi. Ikibadilika mara 2 tu, mtasubiri zaidi ya saa mbili.

Kukadiria si kazi, mradi kuna uwazi pande mbili zinazoelekeana. Chukua 0.65, zidisha kwa kasi ya upepo (mita kwa sekunde), kwa eneo la uwazi ulio mdogo, kwa 3,600, kisha gawanya kwa ujazo wa chumba. Chumba cha mita za ujazo 60, upepo wa mita 1, uwazi wa nusu mita ya mraba: unapata mara 19.5. Angalia hapo kwenye "uwazi ulio mdogo". Dirisha liwe kubwa namna gani, mlango wa upande wa pili ukifungwa hesabu imekufa. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, pima hiyo nusu. Na ule wavu wa mbu uliojaa vumbi, uoshwe.

Kisha washa kijiti cha udi uone moshi unaelekea wapi. Wewe kaa hewa inakoingilia, mgonjwa akae inakotokea. Upepo ukigeuka, geuzeni viti.

Barakoa ya bluu mvalishe mgonjwa, izuie matone yake. Wewe vaa N95, yaani barakoa inayobana uso na kuchuja hewa unayovuta. Toa pumzi kwa nguvu, ukihisi upepo mashavuni haijakaa. Daktari mwenye ndevu haitamkaa kabisa, mwambieni tu.

Lakini anzeni na foleni, ndiko nionako uzembe mwingi: anayekohoa apewe barakoa getini, asubiri barazani, na aonwe kabla ya wengine.