Kabla hujabandua plasta ya nyumba kongwe Bagamoyo

Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hati ya kiwanja haikupi ruhusa ya kuibomoa wala kuibadilisha sura. Eneo hilo ni la hifadhi tangu 1983, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kwa hiyo kibali cha ujenzi cha halmashauri peke yake hakitoshi. Anzia ofisi ya Mambo ya Kale, tena kabla hujampa fundi kianzio.

Piga picha nyumba pande zote, chora ilivyo sasa na utakavyo iwe, kisha taja vifaa kimoja kimoja. Neno "ukarabati" tupu halimwambii mkaguzi kitu. Na mlango wa nakshi uliochongwa nchini kabla ya 1940, pamoja na fremu yake, unalindwa hata kama umeegemezwa tu uani. Usiuuze wala kuusafirisha bila kibali.

Vita kubwa ni ya saruji. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene kama nusu mita. Zinanyonya maji ya ardhini na kuyatoa nje taratibu. Ukizipaka saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda na chumvi yake, na chumvi inaganda nyuma ya plasta. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole: ikilia kama mtungi mtupu, imeshaachia, na ikianguka itaondoka na uso wa jiwe. Lakini kinachoangusha dari ni ncha za boriti zilizozama ukutani, maana zinaoza bila kuonekana. Chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama bila nguvu, tegemeza dari siku hiyohiyo.

Plasta sahihi ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa ufukweni una chumvi, chukua wa mto uliooshwa. Chokaa iloweke wiki kadhaa, miezi mitatu ni bora zaidi. Lowesha ukuta, paka tabaka la sentimita 1, funika kwa magunia mabichi ili lisikauke upesi likapasuka. Fundi mwenye haraka atataka kutia "saruji kidogo". Mkatalie.

Boriti za mikoko nunua zenye vibali vya misitu; mikoko haikatwi kiholela.

Miti nayo ina taratibu zake. Mvule au mkongo usiukate kabla ya kufika ofisi ya misitu ya wilaya, hata ukiwa uani kwako. Mwembe mkubwa wa mbele ya nyumba ni sehemu ya sura ya mtaa, uonyeshe kwenye michoro. Mkuyu uliochipua ukutani ndio wa kuondoa, ila usiuvute: mizizi imekumbatia mawe na itatoka nayo. Kata shina, kaushia kisiki palepale, mizizi ikishakufa itoe kidogokidogo huku ukijaza chokaa na vipande vya mawe, kazi iwe imekwisha kabla ya masika.