Mwanangu, bahasha hiyo iweke kando

Mwanangu,

Nikitoka zamu ya usiku wewe ndiyo kwanza unaingia kazini, simu zetu hazikutani, basi nimeona nikuandikie.

Umeniuliza hivi: una miezi saba na ile kadi ya mkopo ya kuwekea amana benki kwanza, yenye kikomo cha dola 300. Alama zako za kredi, zile wakopeshaji wanazokupimia, zimefika 648. Sasa benki nyingine imekuletea bahasha, eti umeshakubaliwa kadi kubwa inayokurudishia visenti kila ukinunua. Uombe au usubiri?

Subiri. Wala si kwamba 648 ni aibu, najua ulikotoka na ulivyojibana.

Itazame tena ile picha ya simu uliyonitumia. Kikomo 300, deni lililoandikwa 247. Hiyo ni zaidi ya asilimia 80! Utaniambia ulilipa yote kabla ya siku ya mwisho. Ndiyo, lakini ulilipa baada ya benki kufunga hesabu ya mwezi, na kwa kawaida deni la siku ya kufunga ndilo linalopelekwa Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni za Marekani zinazotunza rekodi za madeni ya watu. Wao wanaona mtu aliyekabwa shingoni. Kwenye FICO, ile hesabu inayotoa alama zako, kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30. Kinachokizidi ni historia ya kulipa kwa wakati tu, yenye 35. Mwezi huu lipa siku tatu nne kabla hawajafunga, uache dola 15 hivi zionekane. Uone alama zitakavyokuwa, na hujaomba kadi ya mtu.

Hilo neno "umeshakubaliwa" lisikulevye. Wamekuchungulia dirishani tu. Ukijaza fomu ndipo wanaingia ndani, na ukaguzi huo unaweza kukushushia alama, tena unakaa kwenye faili lako miaka 2, hata wakikunyima. Yalinikuta mimi. Jumamosi moja, ninyi bado wadogo, nilijaza fomu za maduka matatu ili nipate punguzo kwenye makoti yenu ya baridi. Mawili walinikataa palepale, watu wamepanga foleni nyuma yangu. La tatu likanipa kadi, na riba yake niliilipa mpaka makoti yenyewe yakawa hayawaingii.

Ila kinachonifanya nikuzuie hasa ni gari. Si ulisema gia ya Corolla inakwama, na huenda ukakopa jingine kabla ya Desemba? Basi gari kwanza. Ukiwazungukia wakopeshaji wa magari ndani ya siku 14, FICO inahesabu kama ombi moja. Kadi hazina huruma hiyo, kila ombi linasimama peke yake. Riba ikipanda kidogo kwenye mkopo wa miaka 5 utaiona kila mwezi. Visenti vya kadi mpya hutavikumbuka.

Gari likishatulia, miezi sita hivi, anza na benki uliyonayo. Waulize kama watakurudishia amana na kuigeuza kadi iwe ya kawaida, maana akaunti hubaki na umri wake. Wakigoma, tafuta benki zinazokuruhusu kujipima mtandaoni kwanza, bila ule ukaguzi mzito.

Na gia ikikata kabla hujajipanga, nipigie kabla hujaingia kwa muuza magari, hata kama nimelala.

Mama