Mbuzi wakianza kufa bomani, uliza kabla ya kuchoma sindano

Wadogo zangu maafisa mifugo mnaoanza kazi vijijini, mkiitwa kwenye boma ambalo mbuzi wanakufa, dawa iache kwanza begini. Kaa na mwenye boma. Katika kazi yangu, swali lililonifikisha mbali kuliko mengine yote ni hili: mnyama wa mwisho kuingia humu alitoka wapi, na lini?

Nauliza hivyo kwa sababu sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa kirusi unaoambukiza na kuua wanyama hao, husafiri na mifugo yenyewe, malishoni na kwenye malori ya mnadani. Iliwasumbua wafugaji wa Turkana, Kenya, mwaka 2006. Mwaka 2008 ikathibitishwa kwetu, Ngorongoro. Baadaye ilipozuka mkoani Mtwara, wachunguzi waliifuatilia hadi kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka pale.

Dalili huanza siku 3 hadi 14 baada ya maambukizi, mara nyingi 4 hadi 6, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Mfugaji akisahau tarehe, mkumbushe kwa mnada, kwa Idi, kwa mvua ya kwanza. Uliza wanakonywesha maji, wanachunga na nani, na kama kuna waliouzwa baada ya kikohozi kuanza. Hili la mwisho watu hulificha kwa kuogopa karantini, nami siwalaumu, maana ada ya shule iko kwenye mbuzi hao. Uliza kwa upole, peke yenu. Waulize pia akina mama na watoto wanaoshinda na vitoto vya mbuzi. Mara nyingi wao ndio walioona machozi na kamasi mwanzo.

Sasa pima. Homa ya nyuzi 40 hadi 41, vidonda mdomoni, kuhara, kukohoa, mimba kutoka. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo hukohoza, ila haileti vidonda vya mdomo wala kuhara, na kondoo kwa kawaida huwaacha. Basi watazame kondoo wa boma hilohilo.

Sampuli chukua kwa mnyama mwenye homa changa, ambaye machozi bado ni maji. Anayekaribia kufa hatakusaidia sana. Pamba ya machoni na puani, na damu. Kukiwa na mzoga wa leo, chukua tezi, wengu na kipande cha pafu. Vyote viwe kwenye barafu hadi maabara ya veterinari.

Dawa ya kuua kirusi hiki haipo. Antibiotiki hupunguza nimonia ya bakteria inayofuatia, basi. Kinga ni chanjo, na dozi moja hulinda miaka 3 au zaidi. Lakini sindano moja isizunguke zizi zima.

Usisubiri majibu ya maabara ndipo utoe taarifa. Mpigie daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyohiyo, hasa kama mnada uko karibu, kwa sababu mbuzi anayeonekana mzima asubuhi ya mnada huenda ameshaambukizwa.