Kupro ipi, mdogo wangu?

Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara tatu. Eti wakala hapo Chumbageni kakwambia Kupro ni Umoja wa Ulaya, ukishatua unavuka barabara tu, umemaliza. Na mama mdogo yuko tayari kuuza kiwanja cha Pongwe. Mwambie asishike kalamu kwanza.

Wakala kasema nusu. Kupro iliingia Umoja wa Ulaya Mei 1, 2004. Lakini chuo anachokuuzia kiko kaskazini, na kaskazini ni dola iliyojitangaza mwaka 1983, inayotambuliwa na Uturuki peke yake. Utapitia Uturuki, utue uwanja wa ndege wa Ercan, na kwa wenzao wa kusini utahesabiwa umeingilia mlango wa uani bila hodi.

Chanzo ni 1974. Julai 15 maofisa wa Kigiriki walimpindua rais wa Kupro, Askofu Mkuu Makarios (huyu ndiye Waingereza waliwahi kumtupa Shelisheli, majirani zetu), wakitaka kisiwa kiunganishwe na Ugiriki. Siku tano baadaye Uturuki ikashusha majeshi, kisiwa kikagawanyika: Waturuki kaskazini, Wagiriki kusini. Risasi zilinyamaza, siasa ikabaki palepale. Bunge la kusini mpaka leo lina viti 24 vya Waturuki wa Kupro, na hakuna anayevikalia.

Mzee mwenye mgahawa ninapoosha masufuria ni Mturuki wa Kupro, alihama Paphos huko kusini akiwa kijana, akapewa nyumba ya Mgiriki aliyekimbia. Mwaka 2003 vivuko vya kati ya kaskazini na kusini vilipofunguliwa, mwenye nyumba alikuja, akanywa kahawa, akahesabu milimau uani, akarudi kwao. Basi Oktoba 2025, kwenye uchaguzi wa rais wa kaskazini, Tufan Erhürman anayetaka mazungumzo ya shirikisho alipombwaga Ersin Tatar anayetaka mataifa mawili, mzee wangu hakusema lolote juu ya lira, fedha ya huku, inavyoporomoka. Aliuliza, milimau sasa itakuwa ya nani? Sisi kwenye kampeni tunauliza maji na barabara. Hawa wanaulizana kiwanja, nusu karne sasa, na wewe unataka kuuza chako uje.

Mimi mwenyewe nilijaribu kuvuka kwenda kusini. Kivuko cha Mtaa wa Ledra, mjini Nicosia, mchana kweupe, watalii wanapita na koni za aiskrimu. Askari akafungua pasipoti yangu, akapekua kurasa moja moja, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni nikarudi kwenye masufuria.

Usije. Kama kichwa chako kigumu kama changu, basi ada ilipe chuoni, usimpe wakala mkononi, na kabla ya hapo waulize TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, kama cheti hicho watakitambua. Njoo na koti. Usithubutu kuvuka kwa kujificha: mwaka 2024 kuna waliokaa kwenye mahema katika ukanda wa Umoja wa Mataifa unaotenganisha pande mbili, huku hawatakiwi, kule hawatakiwi.

Utaniuliza mbona mimi sirudi. Nimebakiza muhula mmoja, nao nimeulipia kwa mikono hii. Kusoma kupo, walimu wapo, sikatai. Ukija nitakupokea, godoro lipo. Lakini usije.

Zile picha za bahari ya Kyrenia niliweka mimi, najua. Na laki mbili niliyotuma Idi haikuwa mshahara, nilikopa. Mama asilisikie hilo.

Jumapili sina zamu. Nipigie, umpe simu mama mdogo, niseme naye mwenyewe habari ya kiwanja.